Feni Tatu kwa Miezi 14: Tathmini ya Gereji Inayotafuta Maji Kabla ya Kuuza Spea

Fundi aliilaza feni ya hita ya gari langu juu ya beseni la plastiki, akaiinamisha polepole, na maji ya rangi ya kahawia yakatoka kwenye matundu ya mota, yapata nusu glasi, yakiwa yamechanganyika na vijani vidogo vya mjakaranda vilivyooza hadi kufanana na majani ya chai. Feni hiyo ilikuwa ya tatu katika gari hilo hilo ndani ya miezi 14. Ya kwanza ilikuja na gari. Mbili zilizofuata nilizinunua kwa fedha yangu, nikalipia ufundi, nikaondoka nikiamini kwamba tatizo limekwisha, na kila mara mvua zilipoanza kunyesha mfululizo ile sauti ya kukwaruza ilirudi. Tathmini hii inahusu gereji ya nne niliyoiendea, iliyoko eneo la Unga Limited jijini Arusha, ambayo haikuanza kwa kuniuzia feni nyingine bali kwa kutafuta maji yanatoka wapi. Mwenye gereji ana msaidizi mmoja tu na ameniomba nisiandike jina lake, kwa sababu hana nafasi ya kupokea magari mengi kwa wakati mmoja. Nimeliheshimu ombi hilo, na gereji tatu za awali pia sizitaji, kwa kuwa ninachokipima hapa ni namna ya uchunguzi, ambayo msomaji anaweza kuidai kwa fundi yeyote aliye karibu naye.

Gari lenyewe ni la Kijapani, la mwaka 2008, lenye usukani kulia, lililoingia nchini likiwa limetumika kama yalivyo mengi ya barabarani kwetu. Mimi ni mwalimu, na kazi yangu hunipeleka Karatu karibu kila wiki. Yeyote anayepanda ule mlima kutoka Mto wa Mbu alfajiri ya mwezi Julai anajua kwa nini hita si anasa: ukungu hushuka barabarani, kioo cha mbele hufunikwa na mvuke kwa ndani, na bila upepo wa moto unaoelekezwa kiooni dereva hubaki akifuta kwa kitambaa huku akikata kona. Wasomaji wa Dar es Salaam au Tanga wasidhani kwamba jambo hili haliwahusu kwa kuwa hawajawahi kuwasha hita. Feni inayosukuma upepo wa moto ndiyo hiyo hiyo inayosukuma upepo wa kiyoyozi, kwa hiyo ikifa, wa mlimani hukosa joto na wa pwani hukosa baridi.

Ili huduma niliyoipata ieleweke, ni lazima kwanza ifahamike feni hiyo inakaa wapi. Katika magari mengi ya Kijapani yenye usukani kulia, feni iko upande wa kushoto, nyuma ya droo ya dashibodi, juu ya miguu ya abiria wa mbele. Feni huvuta hewa ya nje kupitia tundu lililo chini ya ile plastiki nyeusi ambayo waipa zimesimama juu yake. Chini ya plastiki hiyo kuna mfereji wa bati unaokwenda kutoka upande mmoja wa gari hadi mwingine, na maji yote ya mvua yanayoteremka kwenye kioo cha mbele huangukia humo. Tundu la hewa limezungushiwa ukingo ulioinuka kidogo ili maji yasiingie, na mfereji una matundu ya kutolea maji kwenye ncha zake, yanayoyashusha nyuma ya mabawa ya mbele hadi ardhini. Mpangilio huu hufanya kazi vizuri kwa miaka mingi, ila matundu ya kutolea maji yakiziba mfereji hugeuka kuwa hori: maji hupanda, huvuka ule ukingo, na kuanguka moja kwa moja juu ya feni. Mota ya feni husimama wima, mhimili wake ukiangalia juu, kwa hiyo maji hayana pengine pa kwenda isipokuwa kuteremka na mhimili hadi kwenye bushi na kaboni zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka.

Dalili zilikuja kwa mpangilio ambao leo naweza kuusoma, lakini wakati ule sikuweza. Kwanza kulikuwa na harufu ya nguo iliyoanikwa ndani bila kukauka. Kisha kioo kikawa kinapata mvuke hata asubuhi zisizo na baridi kali. Kapeti ya upande wa abiria ilikuwa na unyevu ambao ulihisiwa tu kwa kubonyeza kwa kidole, kwa sababu maji yalikuwa yamekaa kwenye sponji iliyo chini yake, na sehemu ya juu ilikuwa imekauka. Baadaye feni ikaanza kulia kama panya kwa dakika chache za mwanzo na kunyamaza inapopata joto. Mwishowe kasi ya kwanza, ya pili na ya tatu zikapotea, ikabaki ya nne peke yake.

Gereji ya kwanza ilibadilisha feni kwa ile iliyotumika, ikanirudishia kasi zote kwa kufunga rezista nyingine, yaani kile kipande kinachopunguza umeme wa feni, na haikugusa kapeti. Ya pili ilifanya vivyo hivyo baada ya miezi saba. Ya tatu iliona kwamba kuna maji, na hilo ni jambo la kupongezwa, lakini ilibahatisha: ilipaka silikoni kila mahali palipoonekana kuwa na upenyo chini ya waipa, na fyuzi iliyokuwa ikikatika mara kwa mara ikabadilishwa kwa kubwa zaidi. Nitayarudia mambo hayo mawili, kwa maana ndiyo yaliyonikasirisha kuliko fedha zote nilizopoteza.

Nilipofika Unga Limited nilieleza kwamba nahitaji feni. Fundi hakuinua boneti. Alichukua kijiti, akakaa juu ya tairi kuukuu, akaanza kuniuliza. Gari linalala wapi, chini ya mti au kwenye banda? Likilala, pua imeelekea mlimani au bondeni? Kapeti hulowa baada ya mvua, au baada ya safari ndefu ukiwa umewasha kiyoyozi hata siku ya jua? Ukikata kona kwa haraka asubuhi, unasikia kitu kama maji yakicheza nyuma ya dashibodi? Maji ya rejeta unayaongeza kila baada ya muda gani? Kioo cha mbele kimewahi kubadilishwa? Mwanzoni niliona anapoteza wakati wangu. Baadaye nikatambua kwamba kila swali lilikuwa linaondoa au kuongeza mshukiwa mmoja, na kwamba kwa robo saa ile alijua zaidi kuhusu gari langu kuliko mafundi watatu waliolifungua.

Maji yanayofika kwenye eneo la feni, alinieleza, yana asili tatu kuu, na kila moja ina tabia yake. Yapo maji ya mvua, ambayo huja na uchafu, majani na harufu ya udongo, na huonekana baada ya mvua au baada ya kuosha gari. Yapo maji ya kiyoyozi: evaporeta, ile sehemu ya ndani inayopoza hewa, ikipoa, unyevu wa hewa hugeuka matone juu yake kama kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na maji hayo hutakiwa kutoka nje kwa kijibomba kinachopita kwenye ukuta wa injini. Kijibomba kikiziba, maji masafi yasiyo na harufu humwagika kwenye kapeti hata katikati ya kiangazi. Na yapo maji ya hita yenyewe, yaani kulanti inayopita kwenye rejeta ndogo iliyo ndani ya dashibodi. Hayo yana harufu tamutamu, yanateleza vidoleni, yana rangi, na mvuke wake huacha utando wa mafuta kwenye kioo usiofutika kwa kitambaa kikavu. Anayebadilisha feni bila kujua ni maji yapi kati ya hayo matatu anafunga feni mpya kwenye beseni lile lile.

Alianza na vipimo vya kuondoa washukiwa, na hapa ndipo huduma hii inapostahili sifa kubwa. Aliwasha kiyoyozi kwa dakika 20 na kuweka karatasi kavu chini ya gari. Matone yalianza kudondoka mahali panapotakiwa, kwa mfululizo mzuri, na kapeti haikuongezeka unyevu. Hapo hakuridhika kwa kuangalia tu, bali alipitisha waya laini kwenye kijibomba kuhakikisha hakuna kitu kilichojificha. Nilipomuuliza kwa nini anahangaika na bomba linalotoa maji vizuri, alisema amewahi kukuta buibui humo ndani. Si jambo la kupuuzwa: mwezi Oktoba 2013 Toyota iliyaita yarudishwe kurekebishwa magari yapatayo 800,000 nchini Marekani, ya aina ya Camry, Venza na Avalon ya miaka ya 2012 na 2013, kwa sababu kijibomba cha maji ya kiyoyozi kiliweza kuziba, ikiwemo kwa utando wa buibui, na maji yakadondokea kwenye kidhibiti cha mifuko ya hewa ya usalama. Utando wa mdudu mmoja, na mfuko wa hewa unaweza kufyatuka dereva akiwa barabarani.

Kisha alifunga pampu ndogo ya mkono kwenye mdomo wa rejeta, akapandisha shinikizo hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, ambacho kwa gari langu ni takriban baa 1.1, akaiacha kwa dakika 20 huku akinywa chai. Mshale haukusogea. Alipangusa sehemu ya chini ya boksi la hita kwa karatasi nyeupe, akainusa, akanipa na mimi niinuse. Ilinuka udongo. Kulanti ikaondolewa kwenye orodha.

Kipimo cha mvua kilichukua muda mrefu zaidi, na nilikifuatilia hatua kwa hatua. Kwanza alitoa kiti cha abiria, akainua kapeti, akanyonya maji ya sponji kwa taulo kuukuu, na akaacha gari wazi juani hadi kesho yake. Alisisitiza kwamba kutafuta tone jipya kwenye gari lililolowa ni kama kutafuta jasho mtoni. Siku ya pili alipaka poda ya watoto kwenye ukuta wa bati chini ya dashibodi, kwenye maungio ya kioo na pembeni mwa mlango, akabandika vipande vya karatasi ya chooni kwenye boksi la feni, akatoa droo ya dashibodi, na msaidizi wake akajilaza sakafuni mwa gari akiwa na tochi. Mpira wa maji aliutumia bila kichwa cha kunyunyizia, maji yakitoka taratibu kama ya bomba lililofunguliwa nusu. Alikataa kabisa mashine ya kuoshea magari, kwa maelezo kwamba maji yenye nguvu hupenya hata mahali ambapo mvua haiwezi kupenya, na fundi akiitumia atapata uvujaji ambao haupo.

Alianzia chini akipanda juu. Dakika kumi kwenye kona ya chini ya mlango: poda ilibaki kavu. Utaratibu huo una maana yake, kwa kuwa maji hutiririka kwenda chini. Ukianza na paa kila kitu kitalowa kwa pamoja na hutajua ni wapi palipovuja. Ndipo akahamishia mpira katikati ya waipa. Kwa dakika tatu hapakutokea kitu. Dakika ya nne msaidizi akapaza sauti kutoka ndani, "Fundi, inakuja!" Nikainama kutazama. Karatasi ya juu ya boksi la feni ilikuwa inabadilika rangi kutoka ukingoni kuelekea katikati, na mstari mwembamba wa maji ulikuwa unachora njia yake juu ya plastiki nyeusi, ukifika kwenye ungio la boksi na kupotelea ndani ya feni. Yale maji yaliyokuwa yakinitia hasara kwa zaidi ya mwaka sikuwahi kuyaona kwa macho hadi dakika hiyo.

Fundi alisema, "Mwalimu, hii feni haina kosa. Imezamishwa."

Ile plastiki ya chini ya waipa ilipofunguliwa, sababu zilikuwa mbili na zilikuwa zimeshikana. Tundu la kutolea maji la upande wa kushoto lilikuwa limejaa tope la vijani vya mjakaranda. Gari langu hulala chini ya mti huo, na yeyote aliyeishi Arusha anaujua uzuri wake unapochanua. Lakini jani lake limegawanyika katika vijani vidogo sana, ambavyo hupita kwenye wavu wa plastiki uliowekwa kuzuia majani makubwa. Tundu la upande wa kulia halikuwa na majani. Lilikuwa limezibwa kwa silikoni. Gereji ya tatu, katika kuziba kila upenyo, ilikuwa imeziba mlango pekee uliokuwa umebaki wa maji kutokea. Ukanda wa sponji uliotakiwa kubana kati ya plastiki na ukingo wa tundu la hewa nao ulikuwa umechanika.

Nilipata uchungu kuitazama ile silikoni. Ilikuwa imepakwa kwa uangalifu, imelainishwa kwa kidole, kazi ya mtu aliyekusudia mema. Ila hakumwaga maji hata kikombe kimoja kuona yanakwenda wapi, kabla ya kupaka wala baada ya kupaka. Fundi wa Unga Limited alimimina lita moja ya maji kwenye mfereji kabla hajasafisha chochote, tukasimama tukiyatazama. Baada ya dakika tano yalikuwa bado yametulia humo, yakiakisi anga. Alipokata silikoni kwa wembe, akatoa tope kwa waya na kusuuza, alimimina lita nyingine. Ilitoweka kwa sekunde chache, na tukaisikia ikidondoka ardhini nyuma ya magurudumu yote mawili. Kipimo hicho cha jagi la maji hakihitaji kifaa chochote, na ningependa kila mwenye gari akifanye mwenyewe kabla ya masika.

Upande wa umeme ulikuwa na hatari ambayo sikuitegemea. Fundi alipima umeme unaovutwa na feni ikiwa kwenye kasi ya nne kwa kifaa cha kubana waya, akapata ampea 21, ilhali feni nzima aliyokuwa nayo kwa ajili ya kulinganisha ilivuta 14. Mota iliyoshikwa na kutu huzunguka kwa shida, na inayozunguka kwa shida huvuta umeme mwingi zaidi. Soketi ya rezista ilikuwa imeyeyuka upande mmoja, plastiki yake imegeuka rangi ya karameli. Alinieleza pia kwa nini kasi tatu za chini zilipotea na ya nne kubaki: kasi za chini hupita kwenye rezista inayopunguza umeme, wakati ile ya juu kabisa huruka rezista na kwenda moja kwa moja kwenye mota. Rezista hiyo imewekwa makusudi kwenye njia ya upepo ili ipozwe na feni yenyewe. Mota ikikwama, mambo mawili hutokea kwa pamoja: umeme unaopita kwenye rezista huongezeka, na upepo wa kuipoza hukoma.

Kwenye sanduku la fyuzi, kifuniko kilielekeza fyuzi ya ampea 30. Iliyokuwepo ilikuwa ya 40. Fyuzi iliyokuwa ikikatika ilikuwa inatekeleza wajibu wake, na mtu akainyamazisha. Wanaodhani ninakuza jambo watazame yaliyotokea Uingereza. Magari ya Zafira B ya kampuni ya Vauxhall yalianza kuwaka moto kutokea kwenye mfumo wa hita. Mwaka 2015 kampuni iliita zaidi ya magari 200,000 yarudishwe, ikielekeza lawama kwenye rezista zilizofanyiwa ukarabati usiofaa, na mwaka 2016 ikalazimika kuyaita tena, safari hii kwa sababu maji yalikuwa yakiifikia mota ya feni, mota ikashika kutu na kukwama, na rezista ikapata joto kupita kiasi. Kamati ya Uchukuzi ya Bunge la Uingereza ililichunguza suala hilo. Kwa kampuni kubwa yenye wahandisi wake, ilichukua mwito wa pili ndipo maji yakashughulikiwa. Basi si ajabu kwamba gereji zetu za mtaani hulitazama tatizo hili kama la umeme peke yake. Lakini madhara ni yale yale, na abiria aliyekaa mbele ya droo ile ni mtoto wangu anapokwenda shule.

Baada ya kupata chanzo, fundi alikataa kunifungia feni mpya siku hiyo. Alisafisha mfereji, akabandika ukanda mpya wa sponji, akarudisha fyuzi ya ampea 30, akakata soketi iliyoungua na kuunganisha nyingine yenye waya zake kwa kuchomelea risasi, kisha akaniambia niendeshe wiki moja nikiwa na feni mbovu iliyokaushwa, bila kuiwasha, na karatasi nyeupe ikiwa imebandikwa kwenye boksi. Ikinyesha na karatasi ikabaki kavu, ndipo tutafunga feni. Wengi wangeuza feni papo hapo. Mvua ilinyesha usiku wa tatu na wa nne. Karatasi ilitoka kavu, na nilipoipeleka aliitazama pande zote mbili kwenye mwanga kabla ya kukubali. Chujio la hewa ya ndani lilikuwa limelowa hadi kuota ukungu mweusi, akalibadilisha pia, kwa sababu chujio lililolowa huendelea kuipulizia feni unyevu hata baada ya uvujaji kukoma.

Kwa uchunguzi nililipa shilingi 60,000, kwa usafishaji, ukanda na soketi 45,000, na kwa feni iliyotumika lakini iliyopimwa mbele yangu 110,000. Jumla ni chini ya nilichotumia kwenye gereji ya kwanza na ya pili kwa pamoja. Hata hivyo wapo watakaoshangaa kulipa 60,000 kwa kazi ambayo mwisho wake ni kuonyeshwa tundu lililoziba, na nimeshawasikia wenzangu wakisema hivyo shuleni. Ningewajibu kwamba tundu hilo lilipitwa na macho ya mafundi watatu. Kazi ya siku mbili ya kuondoa kila lisilohusika ndiyo iliyolifanya lionekane, na fedha yangu ililipia kazi hiyo.

Huduma ina kasoro, na nitazisema kwa sababu fundi mwenyewe aliniomba nisizifiche. Bei ya uchunguzi haikutajwa mwanzoni. Niliijua siku ya pili, na mtu mwenye fedha za kuhesabu angejikuta pabaya. Gari lilikaa siku tatu kabla ya ile wiki ya majaribio, jambo ambalo ni gumu kwa anayelitegemea kwa biashara. Hakuna maandishi yoyote unayopewa: vipimo vyote, ampea, shinikizo, muda wa mpira kwenye kila eneo, vilibaki kichwani mwake, na kama nisingeandika mwenyewe kwenye daftari nisingeweza kuyaeleza haya. Fundi mwenye uangalifu wa kiasi hiki anastahili karatasi inayoonyesha uangalifu wake, tena ingemsaidia fundi atakayelishika gari baadaye. Pia sponji ya chini ya kapeti aliniachia niikaushe nyumbani. Nilidhani siku moja ya jua ingetosha. Ilichukua siku sita, na ningeirudisha mapema harufu ingebaki milele.

Upo uvujaji ambao njia hii inahitaji muda zaidi kuubaini, nami nilimuuliza kuhusu huo. Magari yenye kioo cha paani yana vijibomba vinavyoshusha maji ndani ya nguzo za kioo cha mbele, na vikichomoka maji hutokea miguuni mwa abiria kana kwamba yametoka kwenye hita. Kioo cha mbele kilichobadilishwa kwa haraka bila kusafisha gundi ya zamani wakati mwingine huvuja tu gari linapojipinda kwenye barabara mbovu, na kwa mpira wa maji gari likiwa limesimama hakitavuja hata tone. Alisema gari la namna hiyo huliinua tairi moja kwa jeki kabla ya kumwaga maji, ili bodi ijipinde kidogo. Sikuyaona akiyafanya hayo, kwa hiyo nayataja tu kama maelezo yake.

Masika yamepita sasa. Niliendesha gari Aprili yote, safari nne za Karatu zikiwemo mbili ambazo maji yalikuwa yakivuka barabara, na kasi zote nne za feni zinafanya kazi bila sauti. Karatasi nyeupe bado imebandikwa kwenye boksi nyuma ya droo. Naitazama kila Jumamosi, na ina vumbi lakini haina alama ya maji. Klipu mbili za ile plastiki ya chini ya waipa zilivunjika wakati wa kuifungua na bado hazijapatikana madukani, kwa hiyo kona ya kushoto imeshikiliwa kwa kamba ya plastiki. Fundi ameniandikia mwezi Novemba kwenye kalenda yake ya ukutani, miti itakapokuwa imemaliza kumwaga, nirudi afungue tena mfereji na kumimina lita yake moja ya maji.